Nimechoka kulazimishwa niseme natoka Marekani. Dalali uliyenileta kufundisha China, nirudishie cheti changu

Wakuu, habari za muda huu. Miaka yote nimekuwa msomaji tu humu ndani, ila leo yamenifika shingoni. Naandika saa sita kasoro usiku huku Zhengzhou, mkoa wa Henan, chumbani kwangu kwenye bweni la walimu, na nimelia tangu jioni. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na zile nyuzi za michongo ya China. Nataka usomwe peke yake.

Mimi ni mwalimu. Nimesomea ualimu chuo kikuu miaka mitatu, nikajitolea shule ya kata mwaka na nusu nikisubiri ajira ambayo haikutoka. Mwaka jana akanitafuta kaka mmoja, Mtanzania mwenzetu aliyesoma huku akabakia huku. Akaniita mdogo wangu. Akasema kuna nafasi ya kufundisha Kiingereza chekechea, yuan 9,000 kwa mwezi, chumba bure, chakula cha mchana bure. Ada yake dola 1,800. Mama akauza ekari moja na nusu ya shamba la mpunga, iliyopungua tukakopa vikoba. Mpaka leo mama analipa rejesho kila wiki.

Pasipoti iliporudi nikaona viza imeandikwa M. Nikamuuliza kwa maandishi, na ujumbe ninao: kaka, mbona hii ni ya biashara? Akajibu: "Hiyo ya kuingilia tu mdogo wangu, ukifika tunabadilisha." Wadogo zangu mnaosoma hapa, sikieni. Viza ya kazi ni Z. Inaombwa ukiwa kwenu, baada ya mwajiri wa huku kukutolea barua ya kibali cha kazi, shahada yako na cheti cha polisi cha tabia njema vikiwa vimepita Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa China kugongwa mihuri. Ukishaingia nayo una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Na kwa mwalimu wa Kiingereza wanataka, kimsingi, raia wa nchi ambayo Kiingereza ni lugha ya mama. Pasipoti yetu haimo humo. Kaka alilijua hilo kabla hajapokea hata senti ya mama yangu.

Ndiyo sababu siku ya kwanza shuleni nilipewa karatasi ya kukariri. Jina la Kizungu, na mji wa Chicago. Picha yangu ikatumwa kwenye kundi la wazazi la WeChat, ile programu ya simu ya huku ya kutumiana ujumbe na pesa: mwalimu wetu mpya kutoka Marekani. Nikampigia kaka simu, nikamwambia mimi hili siliwezi. Akasema kila mtu anafanya hivyo, wazazi wanalipia Mmarekani, nivumilie.

Nimevumilia miezi kumi na moja. Saa mbili kasoro asubuhi nasimama getini kumpokea kila mtoto kwa jina, jua au theluji, huku mtu wa shule akinipiga picha za kuwatumia wazazi. Vipindi tulikubaliana 22 kwa wiki, nafundisha 30. Mchana watoto wakilala, walimu wa Kichina nao hujinyoosha kidogo. Mimi naitwa kurekodi video za kuvutia wazazi wapya. Sikukuu za Oktoba tunapumzika, kisha siku hizo tunazifidia Jumamosi na Jumapili, na hilo ni la nchi nzima, silalamikii. Nalalamikia Jumamosi nyingine zote, ninazopelekwa kwenye maduka makubwa kuimba na kucheza mbele ya watu ili shule ipate wateja. Watu wananishika nywele bila kuniuliza. Hizo hazilipwi.

Watoto sina neno nao. Wana miaka minne, mitano, wananiita Teacher, wananipa vipande vya machungwa kutoka mikononi mwao. Mwalimu mwenzangu wa darasani, dada wa Kichina, ndiye aliyenifundisha kununua tiketi ya treni na kunywa hulatang asubuhi, ule mchuzi mzito wenye pilipili manga, baridi ikikaza. Yeye mwenyewe analipwa kidogo kuliko mimi, na siku niliyougua alikuja na uji. Kwa hiyo asije mtu hapa akaanza kuwatukana Wachina. Aliyeniuza anaongea Kiswahili kama mimi.

Mwezi wa tatu walikuja maofisa kukagua shule. Dakika chache kabla, mkuu wa shule akanivuta mkono mbele ya watoto, akanipeleka stoo ya magodoro, akafunga kwa nje. Nilikaa humo saa mbili na robo. Nilisikia darasa langu likiimba wimbo niliowafundisha mwenyewe, wakaambiwa mwalimu anaumwa. Mwanamke mzima, nina shahada, nimekaa gizani juu ya magodoro ya watoto nikiogopa kukohoa.

Na nyumba? Sheria ya huku, usipolala hotelini unatakiwa ujiandikishe polisi ndani ya saa 24. Mimi nimeandikishwa kwa anwani ya kaka, upande mwingine wa jiji, kama mfanyabiashara. Viza yenyewe hainiruhusu kukaa mfululizo, kwa hiyo muda ukikaribia kwisha napanda treni mpaka Shenzhen, navuka mpaka wa Luohu kuingia Hong Kong, narudi. Nauli yangu. Kila nikisimama mbele ya dirisha la uhamiaji miguu inatetemeka.

Mshahara nao haupiti benki. Kaka ndiye anayenitumia kwa WeChat, siku anayotaka yeye. Mwezi uliopita mhasibu wa shule, bila kujua kama ni siri, akanionyesha karatasi ya malipo: shule inalipa 16,000 kila mwezi kwa ajili yangu. Ninazozipata ni 9,000, tena mara mbili alikata 1,500 akasema ni "za viza". Mnafanya hesabu? Yuan 7,000 kila mwezi zinaingia mfukoni mwa mtu aliyekaa nyumbani kwake, juu ya zile dola za shamba.

Sasa niseme la leo.

Jioni wanaokuja kuchukua watoto wengi wao ni mabibi na mababu, wazazi wakiwa makazini. Kuna babu mmoja wa miaka sabini na kitu huja na kigoda cha kukunja, anakaa nje ya geti mpaka mjukuu wake atoke. Leo mvua ikanyesha, akaingia kibarazani nilipokuwa nimesimama. Nikamwamkia. Akaniuliza natoka nchi gani. Kichina changu cha kubangaiza kinatosha kujibu hilo, na mkuu wa shule alikuwa amesimama hatua tatu tu. Nikasema Meiguo. Marekani.

Akatikisa kichwa, akasema yeye ujanani alifika Afrika. Tan-Zan tielu, akasema. Reli ya Tanzania na Zambia. Akanionyesha vidole viwili, miaka miwili. Akawa anatafuta maneno ya zamani, akasema "rafiki", akasema "polepole", halafu akasema "Mlimba" na kuweka mkono kifuani.

Wakuu, mimi ni mtu wa Ifakara. Mlimba ni kwa mama yangu mkubwa. Treni ya TAZARA ndiyo iliyokuwa inanipeleka huko kila likizo, kichwa dirishani. Nikiwa chuo Dar nilipita Gongo la Mboto mara ngapi sijui, yalipo makaburi ya wenzake waliofia kwenye kazi ile ya kilomita 1,860. Mzee yule alitupa ujana wake. Nilitakiwa nimshike mikono yote miwili nimwambie shikamoo babu, mimi ni wa kule kule.

Mkuu wa shule alikuwa ananitazama. Babu akarudia "rafiki", taratibu, silabi moja moja, akidhani ananifundisha. Na mimi nikalitamka vibaya makusudi, kama Mzungu, nisije nikajulikana. Akafurahi, akanipigia makofi.

Nimerudi chumbani nikamwandikia kaka kwamba naacha kazi, naomba shahada yangu halisi aliyoichukua siku niliyofika "kwa ajili ya kibali", naomba na ile 3,000 aliyokata, nirudi nyumbani. Jibu lake: "Ukienda popote kusema, wewe ndiye utakayekamatwa."

Hapo amesema kweli nusu. Sheria ya kuingia na kutoka China, iliyoanza kutumika Julai 2013, inamtoza mgeni anayefanya kazi bila kibali yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa kubwa anawekwa ndani siku 5 hadi 15. Naijua hiyo sasa, nimeisoma kwa msaada wa yule dada. Ila kifungu hicho hicho, cha 80, kinamtaja na mtu anayewatafutia kazi wageni wasio na kibali: 5,000 kwa kila mmoja, mpaka 50,000, na alichochuma kinachukuliwa chote. Kaka hukuniambia sehemu hiyo. Na najua siko peke yangu, kuna kaka wa Mombasa yuko Luoyang na dada wa Mbeya yuko Kaifeng, wote wamepita mikononi mwako, na dada wa Mbeya naye cheti chake unacho wewe.

Kwa hiyo naomba mambo mawili humu. Aliyewahi kuachana na kazi ya namna hii akatoka salama aniambie alianzia wapi, ubalozi wetu Beijing au polisi wa uhamiaji moja kwa moja, na alikwenda na karatasi gani. Na yeyote aliyeletwa na mtu anayewaita mdogo wangu na kuchukua vyeti halisi uwanja wa ndege, aandike hapa chini hata kwa ID mpya. Risiti za dola 1,800 ninazo, ujumbe ninao, picha ya ile karatasi ya 16,000 ninayo.

Kaka, najua unapita humu kutangaza nafasi zako. Muda wangu wa kukaa unakwisha tarehe 28. Safari hii sivuki Luohu. Cheti kiachie kwa mlinzi wa geti la shule, kimeandikwa jina langu, lile alilonipa mama.