Kibao cha kijiji Sabaki

Mama Kadzo: Jamani hamjambo nyote, wale wageni wa kuangalia ndege waja Jumamosi na kibao cha kijiji mpaka leo hakina hata herufi, nshasema tangu wiki jana kila mtu alete maneno yake naona tiki za bluu tu

Mama Kadzo: ????

Mama Kadzo: Haya naanza mwenyewe. "Sabaki, kijiji cha mlangoni mwa mto, ukitoka Malindi wavuka daraja tu umefika. Mto watoka mbali, huko juu waitwa Athi, kisha Galana, ukifika kwetu ndio Sabaki." Nani aongeza

Kaka Boda: ongeza nauli hulipwa kabla ya daraja 😂😂

Mama Kadzo: Wewe toka hapa

Riziki wa Chuo: mama weka heroe yaani flamingo, na wale ndege wadogo wa Madagaska wanaokuja msimu wa kusi, hao ndio wazungu huwafuata na madarubini yao

Kaka Boda: na viboko wa shamba la Baba Charo pia waandikwe, wale ni wakaazi kabisa

Mama Yusra: 😂😂😂 wana mpaka kipande

Baba Charo: Chekeni. Mahindi yaliliwa yote. Na kabla sijaenda mbali, mchango wa kibao cha mara ile uko wapi?

Mama Kadzo: Baba Charo hayo yaliisha barazani

Baba Charo: Yaliisha kwako.

Riziki wa Chuo: tuandike pia kuhusu udongo, maana mvua ikinyesha bara bahari ya Malindi yote yawa nyekundu na wenye mahoteli watulaumu sisi kana kwamba sisi ndio tunamwaga

Mjukuu wa Babu: Babu asema niandike hivi hivi. "Mwaandika ndege. Mwaka 1914 Mwingereza aliwafukuza Wagiriama kutoka ng'ambo hii ya mto, nyumba zikatiwa moto, na Mekatilili, yule mama wa Kigiriama aliyempinga Mwingereza, alikuwa kashakataa mapema. Kama hayo hayamo, kibao kisisimame kwenye kiwanja changu."

Mama Kadzo: Naam Babu. Tumesikia

Kaka Boda: Naam Babu

Baba Charo: Ahsante Babu.

Mama Kadzo: Sasa fundi wa rangi ahesabu kwa herufi na maneno ya Babu si mafupi, nani atoa hela jamani, viboko tutawatoa

Baba Charo: Viboko wabaki.

Mama Kadzo: Basi changeni

Mama Yusra: mi mwisho wa mwezi

Shangazi Mambrui: Salama jamani sikuwa na bando, hao wageni ni Jumamosi hii au ile nyengine?