Tupeane uzoefu: kutoa rekodi za simu kwenye mtambo wa ofisi hadi programu ya ripoti

NyayaNaPoti
Wakuu, kila mmoja aweke mtambo wa simu (PBX) anaoujua: rekodi (si sauti, ni mstari wa nani kapiga wapi, lini na kwa muda gani) inatokea wapi, kwa poti gani, na inakwamia wapi. Angalizo moja kabla ya yote: usiguse programu ya ripoti kama hujaiona rekodi ghafi ikitoka mtamboni. Piga simu kutoka ekstensheni (namba ya ndani) 201, ongea nusu dakika, kata, ndipo utazame. Rekodi hutoka baada ya simu kukatwa, kwa hiyo ukikodoa macho watu wakiwa bado wanaongea hutaona kitu.

FundiPoti2300
Panasonic za KX-NS na KX-TDE: fungua PuTTY (programu ya kuunganisha kompyuta na mtambo), chagua Telnet, IP ya mtambo, poti 2300. Andika SMDR (ndiyo huduma inayotoa rekodi za simu), kisha nenosiri PCCSMDR kama halijabadilishwa (libadilisheni jamani, na poti hiyo isitoke nje ya LAN (mtandao wa ndani), Telnet haifichi chochote). Mistari ikianza kushuka, mtambo hauna shida.

Inapokwama: mtambo unapokea msomaji mmoja tu. Ukisahau dirisha la PuTTY wazi, programu ya ripoti inakataliwa na utalaumu faiawoli bure. Halafu mtambo hurudia kichwa cha jedwali, Date, Time, Ext, na mstari wa vistari, kila ukurasa. Programu isipoambiwa iviruke, inavihesabu kama rekodi mbovu. Na kwenye mipangilio ya SMDR hakikisha simu za kuingia na za kutoka zote zimewashwa; kila aina ina swichi yake.

Mzee wa Raki
Avaya IP Office ni kinyume: mtambo wenyewe ndio unaopeleka. Ingia Manager (programu yake ya mipangilio), System, kichupo cha SMDR, chagua SMDR Only, weka IP ya kompyuta ya ripoti na poti ya TCP. Ukiweka 0.0.0.0 mtambo unakaa kusubiri uufuate, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kujaribu kwa PuTTY ya Raw.

Kompyuta ya ripoti ikizimwa, mtambo unahifadhi rekodi 500. Unaweza kupandisha hadi 3000. Zikijaa, za zamani ndizo zinazotupwa, kimya kimya. Kwa ofisi inayozima kompyuta Ijumaa jioni, pandisha.

Simu iliyohamishwa hutoa mistari zaidi ya mmoja yenye Call ID (namba ya utambulisho wa simu) ile ile. Ukihesabu mistari badala ya Call ID, mapokezi wataonekana wamepokea simu nyingi kuliko uhalisia.

Kipanga_Seva
Cisco CUCM (mtambo wa simu unaokaa kwenye seva; CDR ndizo rekodi za simu): "CDR Enabled Flag" huja ikiwa False, na inawashwa kwenye kila seva inayoshughulikia simu, si moja tu. Simu zisizopokelewa nazo, nyingi hazirekodiwi hadi uwashe "CDR Log Calls with Zero Duration Flag". Bosi akiuliza simu tulizokosa, jibu liko hapo. Faili hutumwa kwa SFTP (njia salama ya kutuma faili), kila dakika 1 usipobadilisha.

NyayaNaPoti
Ongeza na saa mkuu, hapo wengi huangukia.

Kipanga_Seva
Kweli. Cisco huandika muda kwa sekunde za UTC (saa ya dunia, iko nyuma ya yetu). Usipoongeza 10,800 kwa Dar, Nairobi au Kampala, simu ya saa 2 asubuhi inasomeka ya saa 11 alfajiri. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ni 7,200. Ongeza mahali pamoja tu. Ukirekebisha kwenye hifadhidata na kwenye programu, simu inarukia saa 5.

FreePBX_Pwani
Asterisk: andika `cdr show status` kwanza, uone kinachoandika. Faili ya kawaida ni /var/log/asterisk/cdr-csv/Master.csv. FreePBX ina hifadhidata asteriskcdrdb, jedwali cdr. Ipe programu ya ripoti mtumiaji wa kusoma tu, SELECT basi, na ufungue poti 3306 kwa IP yake peke yake.

Kuelekea mwisho wa mstari tazama hivi:

"2024-03-04 08:00:05","2024-03-04 08:00:17","2024-03-04 08:01:17",72,60,"ANSWERED"

Imelia sekunde 12, wameongea 60. Ile 72 ni duration, 60 ni billsec. Ripoti ya gharama isomwe kwa billsec.

Ila IVR inavuruga: ile sauti ya "bonyeza moja" ikishapokea, rekodi ni ANSWERED na billsec inaanza kuhesabu, hata kama mteja alikata kabla ya kuongea na mtu. Hapo usitegemee disposition (lile neno ANSWERED). Angalia kama dstchannel (safu ya laini iliyopigiwa) iko tupu.