Chanjo ya homa ya ini B kwa wahudumu wa afya: nitajuaje kama mwili umejenga kinga?

Muuguzi wa Uvinza
Habari za kazi, ndugu zangu. Nipo katika zahanati iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, ambako mhudumu yule yule huzalisha, hufunga vidonda na kuchoma sindano katika zamu moja. Nilipata dozi mbili kabla ya kuhamishiwa huku, na ya tatu imechelewa kwa zaidi ya mwaka. Je, nianze upya? Nikimaliza, nitajuaje kwamba mwili umeitikia? Mwenzangu naye ni mjamzito, na anaogopa kwamba chanjo yenyewe itamletea ugonjwa.

Tabibu, Kasulu
Pole na majukumu, dada. Usianze upya. Ratiba ya kawaida ni dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza, lakini dozi ulizokwisha kupata hazipotei. Kamilisha hiyo iliyobaki. Mwenzako mwambie bila kusita kwamba chanjo hii haina kirusi hai: ina protini ya ganda la nje la kirusi, inayotengenezwa kwa kutumia hamira, na mjamzito anaruhusiwa kuipata. Maudhi yake ya kawaida ni maumivu palipochomwa sindano na homa kidogo. Mzio mkali hutokea takriban mara moja katika dozi milioni moja.

Mtaalamu wa maabara, Tabora mjini
Naomba nikazie swali lako la pili, kwa sababu ndilo tunalolipuuza sana. Kadi iliyojaa haithibitishi kinga. Kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na kirusi, hupimwa mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho, na anayefikia uniti 10 za kimataifa kwa lita huhesabiwa kuwa amekingwa. Hata kiwango kikishuka miaka ya baadaye, mwili wenye afya huendelea kumkumbuka adui, ndiyo maana dozi ya kuongezea haihitajiki. Wasioitikia hupatikana zaidi miongoni mwa waliopita miaka 40, wavutaji wa sigara, wenye uzito mkubwa na waliochomwa takoni badala ya msuli wa bega. Hao hurudia dozi zote tatu, na karibu nusu yao huitikia safari hiyo.

Muuguzi wa Uvinza
Nashukuru sana. Na asiyeitikia kabisa, akichomwa na sindano iliyotumika?

Tabibu, Kasulu
Aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni, asiminye kidonda, atoe taarifa saa hiyo hiyo. Asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mwenye homa ya ini B, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30, ilhali kwa VVU ni takriban asilimia 0.3, ingawa hiyo VVU ndiyo tunayoihofia zaidi. Huyo asiye na kinga dhidi ya homa ya ini B huhitaji sindano ya kingamwili zilizo tayari, ikiwezekana ndani ya saa 24. Kutoka huko mwambaoni hadi Hospitali ya Maweni, kule Kigoma mjini, ni safari, kwa hiyo ulizia sasa dawa hiyo inapatikana wapi, kabla hajachomwa mtu.