Mjadala: Jino la chonge livutwe kwa mpira au kwa springi?

Mleta mada (daktari wa meno, Lubumbashi):
Ndugu zangu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mgonjwa ndiye anayelipia uamuzi wetu, basi tuujadili mbele yake. Katika kunyoosha meno kwa waya, mtoto akishang'olewa gego dogo la kwanza ili chonge lirudi nyuma, wengi wetu tunalivuta kwa mnyororo wa mpira kwa kuwa bei yake ni nafuu. Mimi nasema mgonjwa anayetoka mbali afungwe springi ya nikeli na titani, hata kama inagharimu zaidi.

Mpira ukiwa mdomoni hupoteza nusu ya nguvu yake, mara nyingi hata zaidi, ndani ya saa 24 za kwanza. Anayekaa Kamalondo, hapa hapa Lubumbashi, anarudi baada ya wiki nne, tunambadilishia, kazi inaendelea. Wa Kolwezi yuko takriban kilomita 300. Mvua ikiharibu safari, au nauli ikikosekana, anakaa miezi miwili na mpira uliokwisha nguvu: waya ziko mdomoni, pesa imelipwa, jino limesimama. Springi inaendelea kuvuta kwa nguvu inayokaribia kuwa ile ile.

Utafiti wa Uingereza wa 2002 ulipima kasi ya kufunga pengo: springi milimita 0.81 kwa mwezi, mnyororo wa mpira 0.58, na kipete cha mpira kilichofungwa kwa waya 0.35.

Mchangiaji wa Likasi (daktari wa meno):
Dokta, umetaja tarakimu ukaacha neno moja: katika utafiti huo huo, tofauti ya springi na mnyororo haikuthibitika kitakwimu. Tafiti zilizokusanywa baadaye zinaipa springi ziada ya kama milimita 0.2 tu kwa mwezi juu ya mnyororo. Je, nimtoze mama muuza soko dola za ziada kwa hizo?

Tena nina hofu kubwa zaidi. Mpira ukichoka, hauumizi mtu. Springi haichoki. Mgonjwa akipotea miezi mitatu, nani anaona chonge likilala au likizunguka? Nani anaona magego tuliyoyafanya nanga, yaani yale ya nyuma tunayoyashikiza ili kuvuta chonge, yakija mbele na kula nafasi?

Mleta mada:
Yaya, mkubwa wangu wa Likasi, hoja ya nanga ni nzito, lakini tiba yake ni kipimo cha nguvu. Storey na Smith walionyesha mwaka 1952, kule Australia, kwamba chonge husogea vizuri kwa gramu 150 hadi 200. Nguvu ikizidi sana, chonge linakwama na magego ndiyo yanayotembea. Damu inabanwa kwenye utando unaoshika mzizi, mfupa hauyeyuki upesi kulipisha jino. Kwa hiyo anayetoka mbali mimi namwekea gramu 150, nikipima kwa kipimo, si kwa kidole, juu ya waya mnene wa chuma ili jino lisilale. Mnyororo nao, siku ya kwanza, wengi wanauvuta kwa nguvu wasiyoijua kwa sababu wanajua utalegea. Hapo nanga inaumia pia.

Na zile 0.2 zilipimwa kwa wagonjwa waliofuatwa kwa ratiba. Swali langu ni la yule anayekosa ratiba.

Mzazi, Kolwezi:
Madokta, mimi sikuwahi kuambiwa kwamba kuna njia mbili. Ningeambiwa, ningehesabu springi upande mmoja, na nauli ya watu wawili pamoja na siku ya kazi upande wa pili. Lakini ikichomoka huku kwetu, nifanye nini?

Mleta mada:
Mama, swali lako liingie kwenye karatasi ya bei, pamoja na bei zote mbili. Ikichomoka, usiikate wala usiirudishe mwenyewe. Funika ncha kwa nta tunayokupa, tuma picha siku hiyo hiyo, na daktari yeyote wa meno wa Kolwezi anaweza kuiondoa. Jino litasubiri. Yaya wa Likasi, kwa sharti hilo na picha ya kila mwezi, bado unakataa?

Mchangiaji wa Likasi:
Kwa wa mbali, na kipimo kikiwepo, nakubali. Kwa jirani anayerudi kila mwezi, mpira unatosha, na hapo sitabadili.