Mistari inatetemeka kwenye tableti ya kuchorea, tatizo ni kifaa au mkono?

Binti_Lindi

Habari zenu wakuu. Niko Lindi mjini, najifunza kuchora kwa kompyuta. Nataka kutengeneza kurasa za kupaka rangi kwa watoto wa shule ya msingi anakofundisha mama yangu mdogo, na nimemchagua Kentrosaurus, yule mjusi wa kale (dinosaria) wa miiba aliyefukuliwa kilima cha Tendaguru hapa hapa mkoani kwetu, kwenye uchimbaji wa 1909 hadi 1913. Habari za yule mrefu aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin watoto wameshazisikia. Huyu mdogo, mwenye mabamba shingoni na miiba hadi mkiani, hawamjui kabisa, na naamini ndiye watakayempenda.

Kwa penseli namchora vizuri. Nikihamia kwenye kompyuta (natumia programu ya kuchorea ya Krita na tableti ndogo isiyo na kioo) mgongo unatoka na vikona, na kila mwiba una vimistari vitatu vinne vilivyoungwaungwa. Nikichora duara linatoka yai. Nikimwaga rangi kujaribu, inavuja inajaza ukurasa mzima. Kuna mtu kanishauri ninunue tableti ya bei kubwa. Ni kweli?

FundiMabango_Mtwara

Usinunue kitu kwanza, mdogo wangu. Tuanze na hilo yai. Umbo la eneo la tableti yako halilingani na umbo la kioo cha kompyuta. Fungua programu iliyokuja na tableti, tafuta mahali pa kupanga eneo la kuchorea, uweke uwiano sawa na wa kioo. Bila hivyo mkono utachora sawa na kompyuta itapindisha, nawe utajilaumu bure.

Sasa mistari. Kabla sijagusa kompyuta niliandika mabango ya maduka na majina ya mashua hapa Mtwara. Mzee aliyenifundisha alikuwa akisema usitazame ncha ya brashi, tazama pale unapokwenda kuishia. Kwenye tableti neno hilo lina uzito zaidi, maana mkono uko mezani na jicho liko kwenye kioo. Anayeanza hukifuata kishale: anasogea kidogo, anasimama, anakagua, anasogea tena. Kila aliposimama panabaki kona.

Mgongo wa huyo mjusi, kutoka shingoni hadi ncha ya mkia, ni mstari mmoja. Weka jicho mkiani. Pitisha kalamu hewani mara mbili tatu bila kugusa, halafu vuta kwa mkono mzima kuanzia begani, vidole vikae kimya. Haukukaa sawa? Bonyeza Ctrl+Z uufute, vuta wote upya. Usiweke kiraka. Na ukurasa uzungushe, usijipinde wewe: kwenye Krita kitufe cha 4 na cha 6 vinazungusha, 5 inarudisha. Kila mkono una upande ambao upinde unatoka wenyewe, utafute wa kwako.

Miiba nayo ina utaratibu wake. Mgongo uwe kwenye leya yake (leya ni tabaka la mchoro, kama karatasi angavu zilizopangwa juu ya nyingine), miiba leya nyingine juu yake. Kila mwiba ni mivuto miwili, yote inatoka shinani kwenda nchani, na uiache ipishane kidogo pale kileleni, na kule shinani ianzie ndani ya mwili. Ukimaliza ndipo unafuta vilivyozidi. Ukijaribu kusimamisha kalamu pale pale ncha inapotakiwa kuwa, utapunguza mwendo, na ukipunguza mwendo mkono unatetemeka. Kwa kuwa mgongo uko kwenye leya nyingine, kifutio hakiugusi.

Chini ya yote iwepo rasimu, leya iliyofifishwa mpaka uione kwa taabu kidogo. Rasimu ikikolea utaanza kuipita juu kwa woga. Na iwe imeshaamua kila kitu: mwiba uko wapi, mguu wa nyuma unapita mbele ya tumbo au nyuma yake. Nimeona vijana wengi wakilaumu mkono wakati rasimu ndiyo haijaamua.

Kuhusu stebilaiza, yaani kinachotuliza mtetemo wa mstari, ipo Krita kwenye mipangilio ya zana ya brashi (Tool Options). Iweke kiasi. Ukiipandisha sana mstari unakuja nyuma ya mkono kwa kuchelewa, na kona kali za miiba zinakuwa butu.

MamaKay_Masasi

Naongezea kwa wanaosoma hapa na hawana kompyuta, mimi nachora kwa simu, kwa programu ya ibisPaint, kwa kidole. Hayo ya kuvuta mara moja yanafanya kazi hata kwenye simu, ila ilaze mezani, usiishike mkononi. Na joto la huku kwetu, kidole kikitoka jasho kinakwama kwenye kioo na mstari unaruka. Weka kitambaa karibu, futa kidole na kioo kila mara. Dada wa tableti, wewe jaribu soksi nyepesi iliyokatwa, ifunike kiganja upande wa kidole cha mwisho, mkono utateleza.

Jambo jingine, acha kukuza mchoro mpaka unaona pikseli. Ukikuza sana huoni tena mgongo, unaona kipande cha mgongo, na utakichora kama kipande.

nodi_chache

Mkuu FundiMabango kasema vizuri, ila mimi ningemhamishia Inkscape kabisa, programu ya kuchora kwa vekta. Mstari wa vekta unaurekebisha baada ya kuuchora: unashika nodi, yaani vile vidoti vinavyoushikilia mstari, unavuta, umekwisha. Ukiwa na nodi nyingi zinazotetemesha mstari, uchague ubonyeze Ctrl+L, zinapungua. Na siku shule ikitaka bango la ukutani, unakuza utakavyo bila kupoteza ukali.

FundiMabango_Mtwara

Kwa bango nakubaliana nawe, kazi zangu za vinyl (stika za mabango) zote nafanyia huko. Kwa huyu binti anayeanza sikubali. Akizoea kusahihisha nodi kabla mkono haujajua kuvuta, atasahihisha maisha yake yote. Avute kwanza.

Binti_Lindi

Shikamoo kaka Fundi, asanteni wote. Uwiano nimerekebisha, duara sasa ni duara! Mgongo umeanza kukubali. Bado nina mawili. Rangi inavuja bado, sioni tundu liko wapi. Na mistari yote ina unene mmoja, mjusi anaonekana bapa.

FundiMabango_Mtwara

Marahaba. Kutafuta tundu: tengeneza leya mpya chini ya mistari, mwaga rangi kali, nyekundu kwa mfano, nje ya mjusi. Ilipoingilia ndani ndipo palipo wazi, mara nyingi ni shina la mwiba au kati ya vidole vya mguu. Ziba, kisha futa hiyo leya. Ni muhimu kwako hata kama watoto watatumia penseli za rangi, maana mtoto naye hufuata mpaka.

Unene: mzunguko wa nje wa mwili uwe mnene, makunyanzi na mipaka ya mabamba iwe myembamba. Panapolala kivuli, yaani chini ya tumbo na pale mwiba unapotokea mwilini, nenepesha kidogo. Miguu ya upande wa mbali iwe myembamba kuliko ya karibu. Kwa kurasa za watoto wadogo usizidishe vitu ndani, waachie nafasi ya kupaka.

Faili la A4 lifungue kwa pikseli 2480 kwa 3508, ndiyo pikseli 300 kwa inchi. Hifadhi PNG, kwa sababu JPEG inaacha uchafu pembeni ya mistari myeusi, na fotokopi ya stationery itauonyesha wote. Kabla hujapeleka bonyeza M, ugeuze mchoro kama kwenye kioo. Kama shingo imelala upande utaiona hapo hapo. Weka picha hapa tumwone.