Hoteli kutundika sabuni ukutani: tukubali au kila mtu abebe zake?

Msafiri Mchovu:
Wakuu salaam. Nipo Arusha tangu juzi, hoteli ya maana tu, si gesti. Naingia bafuni nakuta chupa tatu kubwa zimefungwa ukutani na vikufuli kama zina kesi, shampuu, sabuni ya mwili na losheni. Nabonyeza losheni inatoa upepo. Vile vijichupa vidogo hakuna, mapokezi wananiambia ni kwa ajili ya mazingira. Sawa, California walitunga sheria 2019, hoteli zenye vyumba zaidi ya 50 zikabanwa Januari 2023 na ndogo mwaka uliofuata, na Ulaya wameshapanga 2030 vijichupa basi. Sisi wenyewe mifuko ya plastiki tuliiaga Juni 2019 na hakuna aliyekufa. Sasa nauliza, na sisi tupige marufuku vijichupa zibaki hizi za ukutani, au hoteli zisiweke chochote kila mtu abebe vyake? Mimi nasema abebe. Chupa iliyobonyezwa na mtu nisiyemjua, tena yuko uchi, siiamini. Nawasilisha.

Dodoki Jipya:
Kwani wewe mkuu unaogaga na suti?

Mama Wawili:
Kabla ya marufuku mniambie hiyo shampuu ya ukutani imetengenezewa nywele za nani. Nywele zangu za kipilipili nikizipaka ile kitu zinakuwa stilwaya ya kusugulia sufuria. Kwa hiyo iwe ukutani iwe kwenye kichupa mimi haunihusu huo ugomvi, nina vyangu kwenye kimfuko cha zipu. Na msisahau hata 2019 serikali ilipokataza mifuko, vile vya zipu vya kuwekea sabuni na dawa ya meno wageni waliruhusiwa kwa sababu wanaondoka navyo.

Mzee wa Mche:
Mnasumbuka bure. Kipande cha sabuni ya mche, unakifunga kwenye nailoni, safari wiki nzima. Mwili, kichwa na soksi, vyote hapo hapo.

Mama Wawili:
Baba na nywele zako mbili hizo usitushauri.

Yakhe wa Darajani:
Kwangu miye tatizo ni jengine. Sabuni yenye karatasi yake nasoma imetengenezwa kwa nini, kama mna mafuta ya nguruwe naiwacha. Ile ya ukutani imeandikwa "shawa" basi. Shawa ya nini? Nikiuliza mapokezi kijana anacheka.

Zamani Usafi:
Niwape ya jikoni. Nimesafisha vyumba Nungwi miaka minne. Vyumba 14 kwa zamu, na mgeni mpya kasimama mlangoni na begi. Stoo kuna madumu ya lita 5. Chupa ikipungua unamiminia juu ya ile ya zamani, haioshwi, haikaushwi. Pale kwenye mdomo wa pampu kuna utando kama kamasi, unaufuta na kitambaa kile kile ulichofutia sinki. Dumu likikaribia kuisha na oda haijafika supavaiza anasema ongeza maji, na sabuni ikishazidi maji ile dawa ya kuzuia wadudu humo ndani inakosa nguvu, wanazaliana mle mle. Kwa hiyo si kila chupa ya ukutani ni mbaya, kuna zile zisizofunguka, ikiisha inatolewa nzima inawekwa nyingine. Ukiona kifuniko kinafunguka, kimbia. Na vijichupa navyo visisingiziwe usafi, mgeni katumia tone moja basi kinaenda mfuko mweusi na mafuta yake, asubuhi moja unajaza mfuko mzima. Isipokuwa wakija watu wa semina. Hao walikuwa hawatupi kazi, chumbani kinabaki kikoba cha chai tu, tena kilichotumika.

Afisa Mwandamizi:
Nimesoma kwa masikitiko. Mimi ni mtumishi wa umma mwaka wa 19 huu, nimehudhuria semina nyingi na sijawahi kuiba kitu cha hoteli. Sabuni ile imo ndani ya bei ya chumba, ukiichukua umechukua chako. Uombe radhi.

Dodoki Jipya:
Bosi mbona hujatajwa jina?

Zamani Usafi:
Sijasema kuiba mzee wangu, nimesema hawakutupa kazi. Ila slipa za kitambaa tulikuwa tunaweka asubuhi, jioni hazipo, kesho tena, siku tano jozi tano. Mtu ana miguu mingapi?

Kitambi cha Posho:
Uongo huo. Mtu wa semina gani analala Nungwi? Posho ya kulala anapewa, anaenda gesti ya elfu ishirini yenye ndala za kuchangia na nusu kipande cha sabuni, chenji anapandishia ukuta kwake Kibaha. Nawajua, nimelala nao.

Dodoki Jipya:
Umelala nao???

Kitambi cha Posho:
Chumba cha jirani we mpuuzi.

Afisa Mwandamizi:
Mtu akijibana akajenga kwa jasho lake wewe inakuuma nini? Posho haikupi masharti ya kuoga na sabuni gani. Vijana mmekalia chuki tu.

Mkenya Halisi:
Nyinyi Wabongo mna shida. Hapa kwetu mifuko ilipigwa marufuku 2017, nyinyi mkaja nyuma miaka miwili, sasa mnapigania slipa.

Yakhe wa Darajani:
Zanzibar tulikataza mifuko 2006, nyote mko nyuma. Kaa kitako.

Msafiri Mchovu:
Jamani mada ni chupa za ukutani. Leo kwenye losheni wameleta, inanuka kama sabuni ya vyombo. Marufuku ndiyo au hapana?

Kitambi cha Posho:
Mkuu subiri kwanza, Afisa hajajibu habari ya slipa.

Mama Wawili:
Niwaachie slipa zenu nina shida ya kweli. Naenda Muscat wiki ijayo na begi la mkononi tu. Safari iliyopita mafuta yangu ya nazi yalibaki uwanjani, chupa ya mililita 250 imebaki robo, nikamwambia yule dada si unaona hayafiki 100, akaniambia wanaangalia ukubwa wa chupa sio kilichomo. Tangu wale jamaa wa London 2006 walipotaka kulipua ndege na vinywaji tunateseka sisi na nazi zetu. Nani anajua Kariakoo wanauza wapi vichupa vidogo vitupu, visivyovuja?

Afisa Mwandamizi:
Dada yangu usinunue, ninavyo nyumbani vitupu kama sitini hivi, vya mililita 30 na 40, vingine bado vina nembo zake lakini vifuniko ni imara kabisa. Njoo inbox.

Zamani Usafi:
Ile radhi niilete inbox au hapa hapa?