Manispaa yetu inatutangazia mambo yakishapita. Tumechoka na "matukio katika picha"

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka katika soko kuu la manispaa moja ndogo huku mikoani. Jina la mji naliacha kwa sababu wenzangu bado wanafuatilia hili suala na sitaki mtu alipiziwe kisasi kwenye kizimba chake. Ila naamini wengi wenu mtalijua bila kutajiwa, maana haya mambo yako kila mahali.

Kilichonifikisha hapa ni vizimba. Soko jipya limekamilika, mabati yake yanaonekana toka barabara kuu, na tangu msingi unachimbwa tulikuwa tunaambiwa kwa mdomo kwamba waliopo soko la zamani watapewa kipaumbele. Sisi tukakaa tunasubiri tangazo la kujaza fomu. Tangazo lilitoka kweli. Lilibandikwa kwenye korido ya ofisi ya kata, kwenye ule ubao wa kioo wenye kufuli, karatasi moja ya A4 yenye muhuri, na nusu yake ilikuwa imefunikwa na tangazo la mnada wa pikipiki ambao ulishafanyika zamani. Ilibidi niiname kando ya kioo ndipo nisome mistari ya chini.

Limesainiwa Jumatano. Mlinzi anasema lilibandikwa Ijumaa jioni. Mwisho wa kurudisha fomu ni Jumatatu saa 9:30 alasiri. Katikati hapo ni Jumamosi na Jumapili, ofisi zimefungwa. Fomu zenyewe zinatolewa hapohapo ofisini, na ukishaipata lazima igongwe muhuri na mtendaji wa mtaa unaoishi, halafu uambatanishe nakala ya kitambulisho cha taifa. Kwa hiyo mtu wa kawaida alikuwa na Jumatatu moja ya kufanya yote hayo, tena kama alibahatika kuingia kwenye ile korido Ijumaa jioni. Mimi nililiona Alhamisi iliyofuata, nilipokwenda kufuata barua ya utambulisho ya mwanangu.

Safu yetu ya nafaka aliyejaza fomu ni mmoja tu, na yeye alipigiwa simu na mtu wake wa ndani. Simlaumu, angekuwa mjinga kukataa. Lakini kuna mama anauza dagaa upande wa mlango wa nyuma, yupo pale tangu soko halina hata choo. Amesomesha watoto kwa zile dagaa. Hana mtu wa ndani. Nilipomweleza kwamba dirisha limefungwa aliniuliza, "Kwani walitangaza lini?" Nilishindwa kumjibu.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtu wa ushuru anapita sokoni kila asubuhi. Kizimba kwa kizimba, na kimashine chake mkononi, anakutolea risiti. Hajawahi kutusahau hata siku ya mvua. Ukijificha nyuma ya magunia anakusubiri. Manispaa inatujua kwa sura, inajua nani anauza nini na anakaa wapi, na ina namba za simu za wengi wetu kwa sababu zilichukuliwa wakati wa kusajiliwa. Kama ingetaka tujue habari ya fomu, yule yule mtu wa ushuru angepewa karatasi za kugawa na kazi ingeisha kabla ya saa nne asubuhi. Hakuna gharama hapo. Kwa hiyo msije mkaniambia habari ya bajeti ya matangazo. Wakitaka hela wanatufikia wote, hakuna anayebaki.

Halafu wiki hiyohiyo, ukurasa wa manispaa ukajaa picha. "MATUKIO KATIKA PICHA." Mgeni rasmi akikagua vizimba. Mgeni rasmi akisaini kitabu cha wageni. Mgeni rasmi akipokewa na kikundi cha ngoma. Wataalamu wamevaa makoti ya kuakisi mwanga wakimwonyesha paa kwa kidole. Nimepekua ule ukurasa kurudi nyuma mpaka mwanzo wa mwaka nikitafuta tangazo la fomu za vizimba. Halipo. Tovuti nayo nimeingia. Mwaka 2017 halmashauri zote zilitengenezewa tovuti za mfumo unaofanana, na kila moja ina sehemu imeandikwa Matangazo. Sehemu hiyo kwetu ina nafasi za kazi za zamani na matokeo ya usaili. Kuhusu soko ambalo mji mzima unalizungumza, hakuna hata mstari.

Na si soko tu. Kabla ya hapo ilikuja kambi ya madaktari bingwa pale hospitali ya manispaa. Jirani yangu ana uvimbe shingoni, wa muda mrefu, akimeza chakula anasimama kwanza. Rufaa ya hospitali ya mkoa anayo, nauli na gharama za kukaa huko ndizo zilizomshinda. Daktari bingwa wa upasuaji alikuja akakaa siku kadhaa, kama dakika ishirini kwa miguu kutoka nyumbani kwake. Yeye habari hiyo aliipata kwenye simu ya mjukuu wake, kwenye picha za kufunga kambi, watu wameshika vyeti vya shukrani. Sina neno na wale madaktari, walikuja na wakafanya kazi. Nauliza kwa nini gari la matangazo lilipita mtaani kwetu siku mbili mfululizo kutuita kwenye mapokezi ya ugeni fulani, na halikupita hata mara moja kumwambia jirani yangu kwamba daktari wake yupo mjini.

Mikopo ya asilimia kumi nayo ni hivyohivyo. Kila mtu hapa anajua mgawanyo: asilimia nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, haina riba, na inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, yaani kwenye ule ule ushuru wetu. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na fedha kutorejeshwa, ikaja kurudishwa kwa utaratibu mpya. Huo utaratibu mpya nani ametuelezea huku chini? Kikundi cha vijana wa bodaboda pale kijiweni kwetu wana katiba, wana mwenyekiti na mhazini, na kila wakienda wanaambiwa dirisha lilishafungwa, subirini awamu nyingine. Awamu nyingine ikifika wanaiona kwenye picha za kukabidhi hundi.

Najua kuna watakaosema wananchi wenyewe hatuhudhurii mikutano. Nimeisikia hiyo kauli mpaka nimeichoka. Mkutano wa mtaa wetu wa mwisho ulitangazwa saa mbili usiku kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, ukafanyika kesho yake saa tatu asubuhi siku ya kazi. Na lile kundi limefungwa, wanaoandika ni viongozi peke yao, ukiwa na swali unabaki nalo. Wazee wasio na simu janja hawamo kabisa. Mtu wa sokoni saa tatu asubuhi ndiyo anapanga mzigo. Halafu kwenye muhtasari inaandikwa kwamba wananchi walialikwa na mahudhurio yalikuwa hafifu. Mapato na matumizi yakasomwa mbele ya watu wachache, wengi wao wajumbe wenyewe, ikawa imetoka hiyo.

Tulipiga kura za serikali za mitaa tarehe 27 Novemba 2024. Wakati ule hakuna aliyeshindwa kutufikia. Walikuja mpaka jikoni, walijua nani anaumwa na nani amefiwa. Vipaza sauti vilikuwepo, baiskeli za matangazo zilikuwepo. Vile vipaza sauti viko wapi sasa?

Nimekaa nikasoma sheria kwa sababu nilichoka kuambiwa "ndivyo utaratibu ulivyo". Katiba yetu Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Wakati wote, wakuu. Ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, na zinatakiwa kuwashirikisha wananchi kwenye mipango yao. Ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016: unaandika maombi, ofisi ya umma inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Na vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi, mwananchi anaruhusiwa kuingia akasikiliza. Mangapi kati ya haya umewahi kuyasikia kwenye gari la matangazo? Lini ulitangaziwa kwamba baraza linakaa Alhamisi, ajenda ni hizi, njoo usikilize? Kwetu tunajua baraza limekaa kwa kuona magari yamejaa pale nje.

Wazee wetu wanakumbuka serikali za mitaa zilivyofutwa mwaka 1972, mambo yote yakawa yanaamuliwa kutoka juu, na hali za miji zikawa mbaya mpaka halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978. Zilirudishwa ili mambo ya mji yaamuliwe na watu wa mji. Sasa mtu wa mji ataamua vipi jambo ambalo hajaambiwa?

Linganisheni na Kariakoo. Lile soko liliungua Julai 2021. Julai 2024 orodha ya wanaorudi ilipotoka, walioachwa walijitokeza hadharani kulalamika, na nchi nzima ikasikia. Mnaweza kubishana orodha ile ilikuwa ya haki au la, lakini angalau ilikuwepo orodha ya kubishania. Sisi hatuna. Tukiuliza nani amepata kizimba namba fulani tunaambiwa mchakato unaendelea. Mchakato unaendelea huku milango ya vyuma imeshaandikwa majina kwa chaki! Nimeyaona kwa macho yangu, na majina mengine hayajawahi kuuza hata kilo moja ya mchele kwenye soko letu.

Madai yetu ni haya na hayahitaji mfadhili. Dirisha la fomu lifunguliwe upya, tangazo likae wiki mbili, na lisomwe sokoni kwa kipaza sauti asubuhi wakati watu wapo. Orodha ya waliokwisha kupewa ibandikwe kwenye lango la soko la zamani, jina na namba ya kizimba, ili mwenye pingamizi aseme. Ubao wa kata utolewe kwenye korido uwekwe nje ambapo mtu anasoma hata Jumapili akitoka kanisani, na makaratasi yaliyopitwa na wakati yabanduliwe. Tarehe za mikutano ya mtaa na vikao vya baraza zijulikane mapema. Na afisa habari, ambaye najua ni kijana mwenye kazi nyingi na hapangi yeye nini kiende hewani, aruhusiwe kuweka tangazo kabla ya tukio kwa bidii ileile anayowekewa shinikizo la kuweka picha baada ya tukio.

NYONGEZA: Naona kuna wanaosema niende ofisini nikaulize badala ya kulalamika mtandaoni. Nimekwenda. Kata wamenipeleka kwa afisa biashara, afisa biashara akanirudisha kata, na mtendaji akaniambia tangazo lilibandikwa "kwa mujibu wa taratibu". Nikamwomba anionyeshe huo utaratibu unaosema tangazo la watu wa soko zima linatosha kubandikwa ndani ya korido Ijumaa jioni. Akasema nina lugha mbaya.

Na yule aliyeandika kwamba tunatumiwa na wapinzani: ndugu, kwenye safu yetu kuna wa chama hicho na wa chama kile, na ukimtoa yule mmoja aliyepigiwa simu, wote wamekosa fomu.

Kwa wanaouliza tunafanya nini sasa: wafanyabiashara wa soko la zamani tunakusanya majina na saini, na risiti za ushuru za miaka iliyopita kama ushahidi kwamba tulikuwepo. Mwenye risiti za zamani asizitupe, hata zilizofifia maandishi, apige picha leo kabla hazijafutika kabisa. Barua ya kuomba orodha ya waliopewa vizimba nimeshaiandika kwa kutumia ile sheria ya 2016. Inakwenda kwa mkurugenzi Jumatatu, na nakala yangu haitoki pale bila muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kama kuna mkuu humu amewahi kupeleka maombi ya namna hii kwenye halmashauri yoyote, aniambie walimjibu baada ya muda gani, na walimtaka aambatanishe nini.